Anwani ya Mdogo Wangu

MAELEZO YA SHAHIDI

Yameandikwa tarehe 10 Aprili, kuanzia saa tatu na robo asubuhi, chumba namba 4, na mpelelezi wa zamu.
Shahidi: Fundi Pindo, kama anavyojulikana kazini na mtaani
Umri: miaka 47
Kazi: mshonaji
Makazi: nyumba ya familia, nyuma ya soko la mitumba

Nimekuja hapa kwa miguu yangu, sijatumwa wala kulazimishwa na mtu. Nashona nguo mwaka wa ishirini na sita sasa, katika chumba cha chini cha jengo linalotazamana na posta. Jina la Pindo nimelipata kwa kukunja suruali za watu wafupi, na mpaka leo hao ndio wateja wangu wengi.

Aliyeumizwa katika kesi hii ni mdogo wangu wa tumbo moja. Ana miaka 34, anapiga pasi kwa dobi, na ana binti mmoja wa miaka minane. Mwaka jana mwezi wa Februari alimkimbia mumewe baada ya kuvunjwa mkono. Nilimleta mimi hapa kituoni. Tulikaa kwenye benchi hilo hapo nje tangu asubuhi hadi saa saba mchana, na afande aliyetusikiliza akasema tukayamalize nyumbani, hayo ni ya mke na mume. Umeniambia nisiingize mambo ya zamani. Si ya zamani hayo. Andika.

Mdogo wangu alipanga chumba upande wa pili wa mji, akabadilisha laini ya simu, akamhamisha mtoto shule. Alipokuwa akiishi tulipajua watu watatu tu: mimi, dobi aliyemwajiri, na mwenye nyumba. Hata mama yetu hatukumwambia, maana mama akiongeleshwa maneno matamu na mkwewe hana breki. Mwaka mzima na zaidi shemeji alimtafuta, hakumpata.

Mnamo tarehe 3 Machi, Jumatatu, saa nne asubuhi, nilikuwa dukani nasikiliza redio. Taarifa ya habari ikasema kila mwenye laini aisajili upya kwa picha ya uso, alama za vidole na mahali anapoishi, na asiyefanya hivyo hadi mwisho wa mwezi laini itafungwa. Ofisa aliyehojiwa alisema ni kwa ajili ya kukomesha matapeli, na kwamba taarifa za wananchi zitakuwa salama. Dukani alikuwepo mwalimu mstaafu aliyekuja kupunguza suruali, na mama wa duka la vipodozi la jirani.

Mwalimu alikasirika. Akasema, "Wanataka kujua ninapolala. Kwani wanakuja kunitandikia kitanda?"

Tulicheka. Mama wa vipodozi akasema uso wake umejaa mtandaoni kila kona, serikali na ichukue tu, labda itamtafutia mchumba. Mwalimu hakucheka. Akasema, "Mimi siulizi serikali inataka nini. Nauliza ni nani anayekaa mbele ya hiyo kompyuta."

Nikamjibu, "Mwalimu, kama hujaiba, unaficha nini?"

Hayo niliyasema mimi, mguu ukiwa kwenye pedali ya cherehani, na nilijiona nimesema jambo la maana. Yabaki kwenye karatasi hii.

Mdogo wangu hakutaka kusajili. Aliniambia, "Dada, wakifunga wafunge. Nitakaa bila simu." Nilimgombeza. Nilimwambia shule inatuma ujumbe kwa simu, mtoto akiugua darasani atatafutwa vipi? Nilimwambia hofu imemzidi, anaona kila mtu ni mumewe. Nilirudia hivyo karibu wiki tatu, mpaka akachoka.

Mnamo tarehe 22 Machi, Jumamosi, saa tano asubuhi, tulikwenda kwa wakala wa laini mwenye kibanda karibu na lango la hospitali kubwa. Tulipanga foleni dakika arobaini. Mdogo wangu alikuwa amejifunga kitambaa cha kijani kichwani. Wakala alimpiga picha, akachukua vidole, kisha akauliza anapoishi. Mdogo wangu akataja mtaa. Wakala akasema mtaa hautoshi, anahitaji jengo, ghorofa na mlango. Mdogo wangu akauliza, "Lazima mpaka mlango?" Wakala akasema pasipojazwa hapo haendelei mbele. Mdogo wangu akaanza kukaza fundo la kitambaa chake. Watu nyuma yetu wakaanza kuguna, na mimi nikaona aibu.

Basi nikajibu mimi. Nikasema, "Jengo lenye duka la dawa chini, ghorofa ya kwanza, mlango wa tatu kushoto." Wakala akaandika.

Mnamo tarehe 8 Aprili, Jumanne, saa nne na dakika ishirini asubuhi, alinipigia simu. Jumanne ndiyo siku yake ya mapumziko, na mtoto hakuwa ameenda shule kwa sababu ya homa. Alikuwa anaongea kwa kunong'ona. Alisema, "Dada, yuko mlangoni." Sikumuuliza nani. Nyuma ya sauti yake nilisikia mlango ukipigwa, na sauti ya shemeji, naijua, nimekula naye sahani moja miaka tisa. Alikuwa akisema, "Fungua. Ghorofa ya kwanza, mlango wa tatu kushoto. Umejiandikisha mwenyewe."

Alisema kwa mpangilio uleule nilioutumia mimi.

Nilipanda pikipiki, futi ya kupimia ikiwa bado shingoni. Njiani nilipiga namba ya dharura ya kituo hiki mara tatu. Mara mbili haikupokelewa. Mara ya tatu niliambiwa nisubiri gari. Gari lilifika saa sita na nusu. Hilo nalo andika, na saa yake.

Nilifika saa nne na dakika hamsini. Bawaba ya juu ilikuwa imeng'oka na mlango umeinama kwa ndani. Shemeji alikuwa chumbani. Mdogo wangu alikuwa amesimama mbele ya dirisha la nyuma, damu inamtoka juu ya jicho, mikono ameitanua kama mtu anayezuia ng'ombe. Mtoto hakuwepo. Baadaye nilijua kwamba mama yake alikuwa amemshusha kwa dirisha hilo hadi juu ya bati la stoo, na mke wa mwenye duka la dawa akampokea kwa chini, mtoto ana homa, hana viatu.

Nilimwambia, "Shemeji, toka." Akageuka na kusema, "Dada, wewe usiingilie, nimekuja kuchukua familia yangu." Aliniita dada kwa heshima zote. Nilimshika shati. Akanisukuma, nikaangukia mkono wa kulia kwenye kizingiti, nikasikia kifundo kikilia. Mwenye duka la dawa alikuwa ameshapanda ngazi, ni mtu mnene, alimkumbatia kwa nyuma wakaanguka wote. Simu ya shemeji ikaruka. Shemeji alijichomoa akakimbia, simu akaiacha.

Kioo cha simu hiyo kilikuwa bado kinawaka. Mimi na mwenye duka la dawa tuliona kwa macho yetu. Ilikuwa ni picha ya kioo cha kompyuta. Palikuwa na uso wa mdogo wangu, amejifunga kitambaa cha kijani, na chini yake namba yake, jengo lake, ghorofa yake na mlango wake. Simu hiyo niliwakabidhi ninyi siku hiyohiyo na mkanipa karatasi ya mapokezi.

Mdogo wangu alishonwa nyuzi saba. Mimi mkono umevunjika mahali pawili. Daktari amesema wiki nane bila kushika mkasi, na baada ya hapo tutaona. Shemeji mlimkamata jana mchana kazini kwake, na kwa hilo nawashukuru. Ila sikuja hapa kwa ajili yake peke yake.

Mnamo tarehe 9 Aprili, Jumatano, saa mbili na nusu asubuhi, nilikwenda kwa yule wakala. Nilimkuta anafanya kazi, foleni ndefu kama siku ile. Nilimwonyesha uso wa mdogo wangu kwenye simu yangu, jinsi ulivyo sasa. Nikamuuliza, "Ulimpa nani anwani ya huyu?"

Hakukana. Alisema, "Mama, yule baba alikuwa anapita kibanda kwa kibanda, akaja na cheti cha ndoa. Alisema mke amepotea na mtoto. Alilia hapa mbele za watu. Nilimwonea huruma."

Nikamuuliza, "Na huyu mwenye anwani, namba yake si ulikuwa nayo? Ulishindwa kumpigia umuulize?"

Akasema hakufikiria. Nikamuuliza kama anaruhusiwa kufungua taarifa za mtu namna hiyo. Akasema, "Mfumo hauzuii, mama. Ukiandika jina, linatokea. Mawakala wote tunaona." Nikamuuliza mko wangapi. Akasema hajui, labda elfu kadhaa.

Hapo ndipo nilipokishika kile kibao chake cha matangazo kwa mkono huu wa kushoto, kile kilichoandikwa "Taarifa zako ni salama kwetu," nikakipiga kwenye nguzo ya taa mpaka kikavunjika vipande. Nimesikia ameleta malalamiko kwenu kuhusu kibao. Ni kweli, nilikivunja mimi, na wala sijutii. Fungueni jalada la kibao pia, nitakuja siku hiyo mapema.

Saa nne asubuhi hiyohiyo nilikwenda ofisi ya kampuni ya simu. Binti wa mapokezi alinipa namba ya foleni, 112. Nilipofikiwa, meneja alisema wakala si mwajiriwa wao, na taratibu zimewekwa na serikali. Nikavuka barabara mpaka ofisi ya serikali inayosimamia usajili. Huko niliambiwa makosa ya wakala ni ya kampuni. Nilivuka barabara hiyo mara tatu mkono umening'inia shingoni. Mara ya tatu mlinzi alinionea huruma akanipa kiti.

Jioni redio ikamhoji ofisa yuleyule wa mwezi wa tatu. Mtangazaji alimuuliza kuhusu malalamiko ya watu. Akasema hakuna taarifa hata moja iliyovuja. Nilizima redio. Kinachovuja ni bati, afande. Hii haikuvuja. Walifungua bomba wakaondoka.

Jana hiyo jioni mwalimu alikuja dukani kuchukua suruali yake nyingine, aliyoileta wiki iliyopita. Alikuta mashine imefunikwa, suruali bado haijapunguzwa. Alikuwa ameshasikia. Nilimngojea anikumbushe maneno yangu, ningemvumilia. Alikaa kwenye kiti cha wateja karibu saa nzima, kisha akanisaidia kufunga mlango wa duka kwa sababu komeo linataka mikono miwili.

Ninachotaka ni hiki. Wakala ahojiwe kama mshtakiwa, si kama shahidi. Meneja aitwe. Na huyo ofisa wa redioni aje hapa, akae kwenye kiti hiki nilichokaa mimi, aelezwe mlango wa tatu kushoto ni upi. Na mimi mniandike kama mtu aliyeisema anwani. Mdogo wangu hajanilaumu hata kwa neno moja, na hilo linaniuma kuliko mkono.

Umeniuliza mdogo wangu na mtoto wanalala wapi tangu juzi. Sisemi. Umeniambia ni ya jalada tu na jalada linafungiwa kabatini. Nimesikia. Funguo za kabati hilo anazo nani? Akija mtu hapa analia na cheti cha ndoa mkononi, atajibiwa na nani? Kama mnamtaka mahakamani, niambieni mimi siku na saa, nitamleta nikiwa nimemshika mkono. Mlango wake sitautaja tena mbele ya mtu anayeandika.

Niliyoyaona na niliyoyafanya ni hayo. Nimesomewa yote, nimesahihisha saa ya gari, mengine yako kama nilivyosema.

Sahihi ya shahidi: (ametia kwa mkono wa kushoto)

Maelezo ya mpelelezi: Shahidi amesomewa maelezo yake akayakubali. Mkono wake wa kulia umefungwa plasta ngumu. Saa ya gari kufika nimeilinganisha na kitabu cha zamu: ni saa sita na dakika thelathini na tano. Tukio la Februari mwaka jana nimelitafuta kwenye kitabu cha taarifa, halikuandikwa. Mahali pa makazi ya mlalamikaji nimepaacha wazi. Nimepiga mstari ili mtu mwingine asipajaze.