Ripoti Niliyowaandikia Waairishi

Burnsville, Minnesota
11 Februari 2007

Mpendwa Dada Eliakunda,

Bwana Yesu asifiwe. Nakusalimu wewe kwanza, halafu nawasalimu ng'ombe wako wawili, maana nisipowataja utasema nimeshakuwa Mmarekani. Kile kikohozi cha Desemba kimekuachia? Na fundi wa paa la jikoni amekuja, au bado anakuzungusha? Mimi mwilini ni mzima, namshukuru Mungu. Baridi ya huku imefika mahali gari haliwaki mpaka ulibembeleze, na leo ibada ya Kiswahili imeahirishwa kwa sababu ya theluji. Ndiyo maana nimekaa na kalamu.

Bosi wangu Francis, yule Mwairishi ambaye Mama alikuwa akimwombea kila Jumapili, anakupa pole ya msiba wa Mama. Wiki iliyopita alirudi kutoka Mbarara, Uganda, ambako kampuni yao ya matangi ya maziwa imefungua ofisi yake ya kwanza Afrika. Matangi ya kupoozea maziwa yameshafungwa kwenye vituo sita, na wafugaji hawamwagi tena maziwa ya jioni. Alituonyesha picha ofisini kwetu huku Fridley, watu wakapiga makofi. Picha moja ina mama amesimama kando ya tangi na kitenge chake cha Jumapili, amejikaza kama yuko kwenye picha ya kipaimara. Nilikwenda kujifungia chooni nikalia, Dada, mtu mzima mimi.

Unakumbuka mwaka juzi nilivyokupigia simu nikakwambia Waairishi wanatafuta soko jipya ng'ambo? Kwao kila mfugaji ana tangi, wamebaki hawana wa kumuuzia, wakawa wanapima kati ya Uganda na Tanzania. Francis aliniambia mimi ndiye mtoto wa huko, niandike ripoti, na nitakakoelekeza kidole ndiko atakakokwenda. Akaongeza kwamba ikiwa Tanzania, ofisi itakuwa Moshi na mkuu wake nitakuwa mimi. Ulipiga vigelegele mpaka nikaiweka simu mbali na sikio.

Ukamwachia Mama Rahab, jirani yetu, amwangalie Mama, nawe ukazunguka vituo vya maziwa kwa miguu wiki mbili, Machame yote, ukiwauliza akina mama lita wanazoleta asubuhi na lita wanazomwaga jioni. Ulinitumia kurasa kumi na moja kwa mwandiko wako wa ualimu, na pembeni umeandika nani mkali na nani anatia maji kwenye maziwa. Nilicheka peke yangu. Mama naye, kiharusi kimeshamlaza upande mmoja, akaagiza chumba changu kipakwe chokaa, ati kitinda mimba anarudi kwake. Kwetu nyumba ya mama ni ya mtoto wa mwisho wa kiume, na mama mwenyewe pia ni wake. Hilo hakuna aliyehitaji kulisema.

Kisha nikapiga simu nikasema Waairishi wamekataa. Wewe uliwaka, ukauliza wanatuona sisi nani. Mama akaomba simu, akaniambia kwa ule ulimi wake mzito kwamba nao ni watoto wa watu, tusiwalaani.

Novemba nilipokuja kumzika, siku nane tu, ulisimama kaburini ukawaambia watu kwamba mdogo wako alihangaika sana kurudi, Wazungu ndio waliomkatalia. Watu wakanitazama kwa huruma. Nami nikaitikia kwa kichwa. Jamani, nikaitikia kwa kichwa mbele ya jeneza la mama yangu!

Jumatatu iliyopita gari la Kerubo liligoma. Huyu ni jirani yangu, Mkenya, anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee kule Saint Paul. Nikampeleka. Nilipomfuatia na mkoba aliousahau, nikamkuta anamgeuza kitandani bibi wa Kizungu, anampangusa mgongo, anamtania kwa Kiswahili, na bibi anacheka bila kuelewa neno. Mama wa watu anageuzwa na mgeni kutoka Kisii, na wangu sikumgeuza hata mara moja.

Mficha uchi hazai, Dada. Waairishi hawakukataa. Niliyekataa ni mimi. Kurasa zako kumi na moja sikuzitia kwenye ripoti. Niliandika kwamba akina mama wa kwetu hawana maziwa ya kumwaga, kwamba umeme ni wa kubahatisha na barabara hazipitiki masika, kwamba heri Mbarara. Francis aliniuliza mara mbili kama nina hakika, maana alitegemea nitavutia kwetu. Nikasema nina hakika.

Usidhani kulikuwa na mwanamke au cheo nyuma yake. Niliogopa tu. Niliogopa kile chumba cha chokaa, niliogopa kumwogesha mzazi aliyeniogesha mimi. Nilijua nikifika zamu ni yangu kwa haki, nikajiambia wewe umeshazoea. Uliacha kufundisha, yule bwana wa Arusha akachoka kukungoja akaoa kwingine, na mimi huku najiambia umeshazoea. Mungu wangu, nilikufanyia nini!

Jana nilikwenda duka la maua hapa Burnsville. Hutaamini, wanauza masale kwenye vyungu, ati pambo la sebuleni. Nilinunua, nikakata jani moja, nikalifunga fundo kama Baba alivyokuwa akifanya akienda kuomba radhi. Liliingia vizuri kabisa kwenye bahasha hii. Kisha nikalitoa. Kwetu anayeletewa isale hana ruhusa ya kukataa kusamehe, na wewe, dada yangu, tangu uzaliwe hakuna aliyekupa ruhusa ya kukataa kitu. Nimeona ruhusa hii nikuachie.

Nisalimie Mama Rahab, na ukipita kaburini mwambie Mama ukweli, maana mimi nimeshindwa. Ukiniandikia nitasoma lolote utakaloandika. Usiponiandikia pia nitaelewa.

Ni mimi mdogo wako,
Isack