Kadi Tuliyompa Mama Kila Mara

Ghorofa ya tatu, juu ya duka la vitambaa,
S.L.P. 418.
Jumapili, tarehe 15 Machi.

Mpendwa Kaka,

Hujambo huko uliko? Wifi hajambo, na mtoto wenu wa mwisho, meno yameshaota? Na mgongo wako? Tafadhali usinijibu kwamba mko salama kwa mazoea tu. Nikikuuliza mgongo, niambie mgongo. Sababu utaiona mbele.

Sisi huku ni wazima, ila nimekasirika. Nimekasirika na mhadhiri, na binti yako Chiriku, na wewe, na zaidi ya wote na mimi mwenyewe. Ningekupigia simu, lakini kwenye simu tunaulizana hali, tunacheka, tunakata. Kwa hiyo nimefunga cherehani yangu na kukaa kuandika.

Ni habari ya ule mchezo wa ubao ambao Chiriku wako ameubuni kwa ajili ya kumaliza chuo, ule wa kuchangamsha sherehe. Unaukumbuka, ulicheza Desemba ulipokuja likizo. Kila mtu anatoka nyumbani kwake pembeni mwa ubao akiwa na kadi moja ya mwaliko, anarusha dadu, njiani anaokota kadi za vituko: imba, igiza jirani yako, taja uongo uliowahi kumwambia mamako. Ukifika mlango wa ukumbi huingii kwa kadi yako peke yake. Lazima mwenzako akupe na yake, kwa hiari, naye abaki nje. Wa kwanza kuingia ndiye mshindi.

Hapa nyumbani tuliujaribu mara sita, na kila mara nilijaza fomu ya tathmini kwa mkono wangu huu. Muda: dakika thelathini na tano. Ugomvi: hakuna. Maoni: mzuri mno. Wewe, chini ya maoni yangu, uliongeza neno moja, Kamilifu, ukalipigia mstari chini. Nilishona hata vifuko sita vya kadi, vyenye kamba ya kuvuta, kwa mabaki ya hariri ya bibi harusi mmoja ambaye bado hajaja kuchukua gauni lake.

Basi Jumanne ndiyo ilikuwa siku ya kutathminiwa chuoni. Chumba kimejaa harufu ya gundi, meza zimeunganishwa mbili mbili. Mezani kwa Chiriku waliketishwa watu watano ambao hawajawahi kuuona mchezo: muuguzi, dereva wa lori, mlinzi wa geti la chuo na wanafunzi wawili wa darasa jingine. Aliyebuni haruhusiwi kusema kitu. Anakaa kando, mikono magotini, anatazama. Mimi nilikaa nyuma yake na chupa ya maji, meno yote nje.

Dakika ishirini za kwanza walicheka mpaka meza za jirani zikageuka. Muuguzi aliigiza daktari mwenye haraka, nikadhani mambo yameiva. Kisha wote watano wakafika mlangoni. Wakakaa. Wakatazamana. Dereva akamuuliza muuguzi:

"Nikikupa yangu, mimi napata nini?"

"Hupati kitu. Mimi nashinda."

"Basi sikupi, dada yangu. Samahani."

Kaka, walikaa mlangoni pale saa nzima! Dadu linarushwa, hakuna pa kwenda. Mwanafunzi mmoja akatoa simu yake chini ya meza. Mlinzi akasema zamu yake imefika, akaondoka na kadi mfukoni bila kukusudia, na mpaka leo haijarudi. Chiriku hajawahi kufumba mdomo maisha yake yote, unamjua, lakini pale alikuwa ameiuma midomo, masikio yamemwiva.

Mhadhiri alizichukua fomu zetu zote sita, miwani juu ya paji la uso, akauliza nani alizijaza. Nilinyoosha mkono kama mtoto wa shule. Akauliza kwetu ni nani hutoa kadi. Nikasema sote. Kwa nani? Nikasema kwa Mama. Akaniangalia, halafu akaandika mistari mingi bila kunitazama tena. Alama thelathini na nane kati ya mia. Marudio ni tarehe 28, mbele ya watu wengine wapya, na asipofika hamsini anarudia mwaka mzima.

Niliudhika naye, kwa sababu aliuliza kwa upole, na upole ule uliniuma kuliko kufokewa. Lakini alichoandika ni kweli. Mchezo hauwezi kuisha wenyewe. Sisi ndio tuliokuwa tunaumaliza, kwa sababu Mama akikaribia mlango kila mtu anakimbilia kumpa kadi. Na nani alituanzishia mtindo huo? Wewe! Mwaka ule alipotoka hospitali ulituweka jikoni, ukatuonya tusimuudhi, kwenye karata, kwenye bao, kwenye kitu chochote kile, tumwache ashinde. Miaka minane, Kaka. Hata Desemba ulimpa kadi yako kabla hajafika mlangoni.

Chiriku alininunia siku mbili. Jioni ya tatu alinijia pale ninapokatia vitambaa, akaniambia, "Shangazi, ungeniambia tu." Nami, badala ya kuomba radhi, nikampandishia sauti: kwani yeye hakuona kwamba bibi yake ameshinda mara sita kati ya sita? Akanitolea macho. Hakuwa akijua. Tangu ana miaka kumi na mitatu mtoto huyu anaamini kwamba bibi yake ana kipaji cha michezo. Ameshawaambia hata wenzake chuoni.

Mama alikuwa kwenye kiti chake anakunja nguo zilizokauka. Hakuinua macho.

"Mnadhani sijui?" alisema. "Mnanishindisha kama mtoto anayeota meno. Nimechoka kushinda."

Niliweka mkasi chini. Niliona aibu, nakwambia ukweli. Nilidhani namtunza, kumbe muda wote huo alikuwa amekaa mezani peke yake, na sisi tumemzunguka.

Jana mchana tulicheza watatu. Mama aliifinya kadi yake kiganjani kama nauli. Alipofika mlangoni akanikazia macho, mkono wangu ukaanza kwenda wenyewe, kwa mazoea. Nikaukalia. Ndiyo, Kaka, niliukalia mkono wangu, nikatazama dari. Chiriku naye hakutoa. Tukakwama, watatu sote, kama wale wa Jumanne. Baada ya muda Mama akausukuma ubao kidogo.

"Mjukuu wangu, mchezo wako mbovu."

Nilifunga macho nikingoja kilio. Badala yake nikasikia karatasi. Chiriku alikuwa ametoa kalamu na fomu mpya. "Mbovu wapi, Bibi?"

Mama akaeleza saa nzima. Kwamba vituko vinachekesha lakini viko njiani tu, mlangoni hakuna kitu. Kwamba mtu hatoi kadi bure, labda aliyeombwa vizuri au aliyechekeshwa sana. Kwamba maandishi ya kadi ni madogo, na huwa anajifanya anayasoma. Hili la mwisho hatukulijua hata kidogo. Chiriku aliandika yote pande mbili za karatasi. Ile ndiyo fomu ya kwanza ya kweli iliyowahi kujazwa nyumba hii.

Hatujapona bado, usije ukafurahi. Zimebaki siku kumi na tatu, kanuni ya mlangoni Chiriku amekwisha kuibadili mara mbili na mara zote mbili tumekwama, na mimi nina magauni manne ya watu. Dereva wa basi anayesafiri kesho atakuletea ubao wa pili pamoja na barua hii. Ucheze na wenzako wa kazini, wale wasiomjua Chiriku wala Mama. Ujaze fomu, uipige picha, uitume kabla ya Ijumaa. Andika mlipochoka, andika nani aliondoka na kwa nini. Ukituandikia Kamilifu tena nitaichana, na mwanao atarudia mwaka kwa ajili ya huruma yetu.

Msalimu wifi, mbusu mtoto wenu, na shemeji wa jirani yenu mwambie koti lake nalikumbuka. Mungu akulinde huko na atukutanishe tukiwa na afya, na mgongo wako ninaungojea kwa maandishi.

Mama anakusalimu. Amekaa hapa ubavuni anangoja nifunge bahasha, na anataka niandike maneno yake kama yalivyo: Mwambie akija asithubutu kunipa kadi. Nataka nimnyang'anye.

Dada yako akupendaye hata akiwa amenuna,
Fundi wa ghorofa ya tatu.