Mtazamaji Hana Mdomo

Tarbaj, Wajir

Kwa baba yangu mpenzi,

Shikamoo baba. Goti vipi sasa, bado unalikanda kwa mafuta ya nazi au umemsikiliza mama ukaenda zahanati? Mimi mwili mzima, alhamdulillahi. Barua hii nampa mwalimu mwenzangu anayeshuka Mombasa, kwa sababu kwenye simu kila ukiniuliza habari za huku nakujibu salama, tunaagana. Si salama, baba. Nina upweke ambao sijapata kuuona.

Mchana nafundisha, na watoto wananichangamkia. Saa kumi wakienda kwao, mimi sina pa kwenda. Vijana wako uwanjani na mpira wao, wakimaliza wanajazana kwenye banda la kuonyesha mechi za Ulaya. Mimi na mpira, unajua mwenyewe, hatujawahi kupatana.

Ndipo nikawagundua wazee wa nyuma ya soko la mbuzi. Mchezo wao wanauita shax. Wanauchora mchangani kwa kidole, mmoja ana vijiti, mwenzake ana vijiwe, na ukipanga vitatu mstari mmoja unamtoa mwenzako kimoja. Nikakumbuka bao letu, machozi yakanilenga. Nikawa naenda kila jioni, nakaa nyuma ya Abdi Dere, muuza maziwa ya ngamia. Na nikaishika sheria yako ya barazani: mtazamaji hana mdomo, akiufungua anainuka. Miezi mitano sikutamka neno. Wao nao hawakunisemesha, nikasema moyoni watu hawa wana roho ngumu kweli. Nikajaza fomu ya uhamisho.

Juzi Abdi akafungwa mara tatu mfululizo. Akageuka akanikazia macho.

"Mwalimu, kwani sisi tumekosea wewe nini? Kila siku wewe nakaa nyuma yangu, wewe naona mimi napotea, nanyamaza. Hapa mtu akinyamaza, huyo naombea wewe kushindwa."

Wallahi nilitamani ardhi inimeze. Kumbe kwao kila aliyekaa pale ana upande wake na anausemea, ndiyo maana ya zile kelele zote. Nikamweleza sheria ya baraza letu, akacheka mpaka akakohoa. Akanihadithia kwamba baba yake alicheza kisimani akingoja zamu ya kunywesha ngamia, na waliokuwa kwenye foleni wote walishauri, maana zamu ilikuwa ndefu. Wakihama wanaufuta kwa mguu, wanauchora tena mbele ya safari. Nikamwambia bao letu ni la mti, la babu, lililoshindaniwa kila Idd na watu wa Jimbo, kijiji jirani. Akauliza kama hata siku hiyo watu walikaa kimya. Nikasema kimya. Akasema basi hayo yalikuwa mazishi.

Tangu hapo Idd ile ya mwisho uliyocheza hainitoki, baba. Ulipoanza kuivunja nyumba yako mapema, lile shimo ulilolijaza kete, mimi niliiona kete ya kukuokoa. Nilikuwa nyuma yako, nikaumeza ulimi, ukafungwa, na tangu siku hiyo bao limeegemea ukuta. Nilidhani nakuheshimu. Nisamehe.

Sasa Abdi hunitengea nafasi, na nikishauri vibaya hunitukana kama mtoto wa nyumbani. Lakini ikiadhiniwa magharibi kila mtu huenda kwa watu wake, nami huenda kwa kitanda changu. Fomu bado iko chini ya godoro.

Mpe mama salamu, mwambie ubuyu alionipa uliisha wiki ya kwanza. Dada Mwanakombo na pacha zake nawabusu. Mzee Kombo, mpinzani wako wa miaka yote, mwambie aje akulazimishe kulishusha hilo bao.

Na wewe, baba, nirudi au nibaki? Siku ile naondoka ulinitazama tu. Mchezo huu ni wangu, naona nafungwa, na wewe ndiye uliyekaa nyuma yangu. Naomba uivunje sheria yako. Sema.

Mwanao,
Rashidi