Mzigo wa Majani Langoni

Jumanne jioni, Kilema

Kosa la wengi ni kudhani kuwa kuchoka ni kufanya kazi. Katika fizikia, mzigo usiposogea, kazi ni sifuri.

Nilimweleza mke wangu hayo langoni, naye amesimama na majani ya ng'ombe kichwani, katoka nayo tambarare kule chini ya mlima, akingoja nimfungulie.

"Kwa hiyo hapa sifanyi kazi, Baba Aika?"

"Hata kidogo."

Akanitwika. "Usiyashushe, kuna matope." Akaenda kumsalimia jirani, habari zote mpaka za ndama.

Sasa shingo haigeuki, na kesho nafundisha Kidato cha Tatu. Nimemwomba anikande.

"Kukanda ni kazi, mikono inasogea. Mimi leo nimechoka bure."

Najiambia: Mwalimu, kabla ya chakula, kamwombe radhi.