Siku Mtani Alipoondoka na Kiti Changu

Jumanne, mwezi wa tisa. Jua kali, vumbi limeingia hadi kwenye meno.

Nina miaka themanini na moja. Nimevipita vichwa vya treni vya moshi, nimewapita mabosi wote walionipigia filimbi, nimempita mke wangu Veronika, na sasa naipita yadi yenyewe ya reli ya Tabora, maana mimi bado napumua na yenyewe inang'olewa. Hakuna wa rika langu anayeweza kusema hivyo. Wenyewe hawapo wa kusema.

Naandika kwa kidole kimoja kwenye simu. Shule niliishia darasa la pili kwa mapadri, kwa hiyo mwenye kutaka maandishi ya kupendeza akatafute kwingine. Ukurasa huu alinifungulia binti yangu Sesilia aliyeolewa Mwanza, akasema, baba, andika siku zako humu, nitakuwa nasoma. Sijui kama anasoma. Hajaandika neno hapo chini hata siku moja.

Ngoja niseme ya leo kabla hayajanitoka.

Pale kwenye yadi panajengwa kituo kikubwa cha kila kitu: treni, mabasi ya mikoani, bajaji, na maduka juu. Wamenionyesha picha. Watu wa kwenye picha wote vijana, wanatembea na mabegi ya magurudumu, hakuna hata mmoja aliyekaa. Ili kijengwe, kota za reli lazima zivunjwe, na sisi wastaafu tuliokuwa tumebaki tukapewa nyumba mpya Mtendeni. Wenzangu wamehama mmoja mmoja tangu mvua zilipokwisha. Mabati yakashushwa, milango ikachukuliwa. Nikabaki peke yangu kwenye mstari mzima, katapila limeegeshwa mbele ya mlango wangu kama ng'ombe anayengoja kufunguliwa.

Mimi nilikataa.

Wamekuja mara nyingi. Walikuja mabwana wa mradi na kofia zao ngumu, akaja mwenyekiti wa mtaa, hata padri alikuja. Wote kwa adabu. Shikamoo baba, tunakuomba baba, wewe ni hazina yetu. Mimi nawaketisha, nawaeleza kazi yangu. Treni ya kutoka Dar ikifika Tabora lazima ikatwe: mabehewa ya Mwanza huku, ya Kigoma huku. Mkataji nilikuwa mimi. Niliyaachanisha na kuyaunga abiria wakiwa wamelala, na hakuna aliyegutuka. Chai ya mtu haikumwagika. Kwingine kote kwenye njia hii walikuwa wanagongesha mabehewa kama wanapasua kuni. Nawaeleza mpaka wanaangalia saa, wanaaga, wanasema watarudi.

Nitasema jambo ambalo hata padri sikumwambia. Nyumba ile ya reli siipendi. Inavuja, na ukuta wa chumbani umepasuka hadi mkono unapita. Nilikuwa nakataa ili warudi.

Ningekubali siku ya kwanza, nani angekuja tena kunibembeleza?

Lakini hata wakija wanakuja na heshima tu, na mimi heshima imenichosha. Mimi ni Mnyamwezi, nilizoea kutukanwa. Pale yadi tulikuwa watu wa makabila yote ya njia ya reli, na mtani wangu alikuwa Kondo, Mzaramo, mshika bendera. Tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakibeba pembe kutoka huku kwenda pwani na kupita kwa Wazaramo, sisi na wao ni watani. Kondo alikuwa anaingia jikoni kwangu, anafunua sufuria, anaondoka nayo na nyama yake, na mke wangu anamsindikiza kwa matusi hadi barabarani. Huwezi kumnyang'anya mtani. Akishakishika ni chake. Siku tunamzika Veronika, Kondo alivaa kitenge cha marehemu, akajifunga kilemba, akazunguka msiba mzima akinigombeza kwa sauti ileile: umeacha viatu mlangoni tena. Watu wakacheka huku machozi yanatoka. Mimi nilicheka kuliko wote. Bila yeye sijui ningeimalizaje siku ile.

Kondo naye nikamzika. Nililala njiani mbele ya jeneza lake, nikasema haendi mtu kaburini mpaka sufuria yangu irudi.

Tangu hapo hakuna aliyenitukana.

Leo asubuhi wakaja tena, na safari hii walikuwa na mama mgeni, wa makamo, mnene kidogo, ofisa mpya wa mradi wa kuzungumza na wakazi. Jina lake Bi Mwanaidi. Nyuma yake wafanyakazi wawili wa kiume. Nikaanza habari zangu za mabehewa na chai isiyomwagika. Hakunipa nafasi ya kufika Kigoma, akaniuliza kabila. Nikamtajia, kifua mbele.

"Ahaa, Mnyamwezi," akasema. "Ndiyo maana hung'oki relini. Bado unangoja mzigo wa kubeba."

Wale wanaume wakatazama chini. Mmoja akaanza kuniomba radhi kwa niaba yake. Mimi simsikii. Nikamuuliza mama ametoka wapi. Kisarawe, akasema, baba Mzaramo na mama Mzaramo.

"Na umeamkaje saa hizi?" nikamwambia. "Nilidhani huko kwenu ngoma ya juzi haijaisha."

Akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaniambia nyumba yangu inanuka kama behewa la ng'ombe, na kwamba babu zangu walipofika pwani waliinama kunywa bahari wakidhani ni mto. Nikamwambia babu zake waliuona msafara unapita tangu asubuhi hadi jioni, wakashindwa hata kupunga mkono kwa sababu kuuinua ni kazi. Tuliendelea hivyo. Siwezi kuandika yote, mengine si ya kusomwa na Sesilia.

Halafu akakiona kiti changu. Ni kiti cha mninga, nilikichonga mwenyewe, na Tabora hii hakuna fundi mwenye kiti kama kile. Akasema hiki nimekipenda. Akakiinua, akajitwika, akatoka nacho.

Ningefanya nini? Angekuwa mwingine ningeita polisi. Huyu ni mtani na ameshashika. Nilichobakiwa nacho ni kumfuata nikimtukana, nikamfuata.

Tukapita juu ya mataruma yaliyobaki bila reli, tukatokea barabarani, tukaingia mjini. Anabeba vibaya yule mama. Kiti kinayumba, shingo imekakamaa, mkono mmoja umeshika kiti na mwingine mtandio. Nikamwambia mtoto wa kwetu angemwonea aibu. Wenye maduka wakatoka nje kututazama. Muuza kahawa mmoja akauliza, mzee, umeajiri mpagazi? Nikamjibu ndiyo, ila ni wa pwani, kazi haijui. Sikumbuki mara ya mwisho kucheka nikiwa barabarani.

Karibu na msikiti akakitua, akahema.

"Bwana Mnyamwezi," akasema, "ukoo wako wote umebeba mizigo ya watu. Huu ni wako mwenyewe na unaniachia mimi mwanamke. Au mmesahau?"

Hapo ndipo nilipoharibu. Mimi mtu akiniambia siwezi, naweza. Nikavua koti, nikalikunja ngata, nikajitwika kiti changu na kutangulia. Sikukishika hata kwa mkono. Kina mama wa sokoni wakanipigia vigelegele, nikazidi kunyoosha shingo. Yeye yuko nyuma ananielekeza: kata kulia, sasa kushoto, ingia hapo penye geti la bluu. Nikaingia. Nikakitua barazani.

Ndipo nikatazama. Rangi bado inanuka. Ile nyumba yangu ya Mtendeni.

Nimeihamia nyumba niliyoikataa, na mzigo nimejibebea mwenyewe.

Wale wanaume walikuwa wanakuja nyuma na bajaji ya mizigo imejaa kitanda na vyombo vyangu. Utani haukasirikiwi, hilo kila mtu wa huku analijua, kwa hiyo sikukasirika. Nilisimama tu. Bi Mwanaidi akaketi kwenye kiti, akafuta jasho, akacheka kidogo. Akasema kazi yake hapa imekwisha, wiki ijayo anapelekwa Dodoma.

Nikamuuliza swali ambalo sikujua kama ninalo. Nikamwambia mimi sina mtani tena Tabora hii. Siku yangu ikifika, nani atanitukana?

Yule mama mwenye mdomo akageuza uso. Alitazama geti.

"Usife kabla sijapewa likizo," akasema. "Nikija nitavaa hilo koti lako bovu, niwaambie watu chai yote ya treni ilimwagika."

Wakaondoka.

Sasa ni jioni. Bomba linatoa maji. Ukuta hauna ufa, nimeupapasa wote. Wamepita majirani, shikamoo mzee, marahaba, wakaenda zao. Alasiri nilisikia mngurumo upande wa stesheni. Labda ni katapila, labda ni lori. Sikutoka kuuliza.

Hapa hakuna atakayekuja kunibembeleza. Nimeshakubali, sasa wanibembeleze nini? Nimekaa barazani na mlango uko wazi, na kila bajaji ikipunguza mwendo nageuza shingo kama mjinga.

Yote niliyoandika ni kweli. Kazi yangu ya mabehewa mashahidi wake walikuwa Kondo na Veronika, na hao huwezi kuwauliza. Haya ya leo muulize Bi Mwanaidi wa Kisarawe, utampata Dodoma. Atakana. Atasema alinibeba mimi na kiti juu yangu, njia nzima, na mimi nikilia. Usimwamini hata neno moja.

Lakini mwambie namuulizia.