Barua Niliyoificha na Mifupa ya Mama

Kijiji cha Ujamaa Issuna,
Singida.
11 Agosti 1975

Mpendwa mdogo wangu Gaspari,

Kwa jina la Mungu Baba, atujaliaye pumzi asubuhi na kuilinda jioni, nakusalimu. Shikamoo uliyoiandika katika barua yako ya mwisho naiitikia leo, kwa kuchelewa: marahaba. U hali gani huko Mtwara? Mkeo Damari na watoto wanaendeleaje? Sisi tu wazima, isipokuwa Mama. Yu hai, lakini amelazwa katika hospitali ya misheni.

Nakuomba usome polepole, kwa maana nina neno la kuungama.

Unajua kwamba tangu masika Mama alilalamikia maumivu ya mifupa. Kisha ikaja kiu. Alimaliza kibuyu cha maji akaomba kingine, na mkojo haukumpa nafasi ya kulala. Mimi nilifanya kama wazee wetu wafugaji walivyotufundisha: mifupa ikiuma, inalia njaa. Nikampa maziwa asubuhi na jioni, na mchuzi wa mifupa ya ng'ombe. Maji nikamkataza, nikidhani ndiyo yanayomlegeza.

Felista, mke wangu, alikuandikia bila kuniuliza. Jibu lako lilipofika lilikuwa na jina langu juu. Nikalisoma nikiwa nimesimama mlangoni. Uliandika kwamba kiu ile si uzee, apewe maji mengi, maziwa yakome, apelekwe hospitali pasipo kukawia. Nikalikunja nikaliweka ndani ya kitabu changu cha sala, nisimwambie mtu.

Gaspari, haikuwa kwa kutokuelewa. Ulikuwa ni wivu. Mimi ndiye niliyemzika Baba. Kijiji kilipohamishwa mwaka jana, ndiye niliyembeba Mama mgongoni toka mahame mpaka hapa, na kumjengea nyumba kabla ya yangu. Lakini mgeni akiingia, Mama huonyesha picha yako ukiwa na koti jeupe la utabibu. Blanketi ulilomletea hujifunika. Langu limekunjwa kichwani pa kitanda. Nikajiuliza, hata maji ya kunywa Mama yetu yaamriwe kutoka Mtwara?

Siku ya kumi tangu barua yako ifike, akili yake ilianza kupotea. Nilipomwinua anywe maziwa, alinishika shavu akasema, "Asante, Gaspari." Sikumsahihisha. Nilitoka nje nikakaa kwenye kinu, nikakuchukia kwa muda mrefu.

Siku ya kumi na mbili tulimgeuza kitandani, mfupa wa mkono ukavunjika kama bua la mtama. Felista alipotafuta kitabu tumsalie, barua yako ikaanguka. Aliisoma yote akiwa amepiga magoti, kisha akaniambia kwa sauti ndogo, "Baba Yohana, barua hii umeisalia siku kumi na mbili. Kuitii ulipanga lini?" Nikaenda kuomba lori la kijiji.

Hospitalini waligundua uvimbe titini, ambao Mama aliuficha chini ya kaniki kwa aibu. Nilimuuliza daktari, titi na mifupa vinahusianaje? Akanieleza kwa subira. Shingoni tuna tezi ndogo ambazo huiamuru mifupa itoe chokaa kidogo, ileile iliyomo katika maziwa, kadiri damu inavyohitaji. Uvimbe wa Mama hutoa ndani ya damu kitu kinachofanana na amri ile. Nikamwelewa kwa mfano wetu: ni mwizi aliyejifunza mluzi wa mchungaji. Akiupiga, ng'ombe hutoka zizini wenyewe. Ndivyo mifupa ilivyomwaga chokaa yake, damu ikajaa chokaa hiyo, figo zikapoteza maji, kiu ikazidi, akili ikavurugika. Na mimi, mtoto wake, nilikuwa nikimnyima maji ambayo yangemsaidia.

Walimtia maji ya chumvi mshipani. Siku ya nne macho yake yalitulia, akanitambua vizuri. Nilisubiri neno lake la kwanza kama mtoto. Akauliza, "Gaspari amekuja?"

Daktari hakunificha: uvimbe umeshaenea, maji yamenunua majuma, si miaka. Njoo, mdogo wangu. Mwombe mkubwa wako wa kazi ruhusa siku hiyohiyo utakayoisoma barua hii.

Wivu wangu haujaisha. Sitasema uongo mbele ya Mungu. Ila nina ombi moja. Ukifika wodini, ungoje kidogo mlangoni. Niache niingie kwanza, nimwambie mwenyewe kwamba neno la maji lilikuwa lako, na kwamba mimi nililificha. Kisha nikae pale mpaka aniite Melkizedeki, japo mara moja, kwa hasira au kwa msamaha. Hapo ndipo nitakufungulia mlango.

Felista, Yohana na dada yetu Martina wanakusalimu. Mfikishie Damari salamu zangu.

Mungu aliyeihesabu mifupa yetu kabla hatujazaliwa aibariki nyumba yako, awalinde wanao, na akulete salama njiani.

Mimi kaka yako, nikupendaye pamoja na yote niliyoyaandika,

Melkizedeki