Jina la Mke wa Mzee wa Elburgon

Mama,

Machakos kuna mvua? Hapa Nakuru vumbi linaingia mpaka kwa chai. Kila kanisa linalohifadhi watu waliokimbia makwao liliniletea orodha yao, faili za kompyuta za XML, kila moja na mpangilio wake. Niliandika programu ya kuzibadilisha zifanane, ndio mtu atafute jina mahali pamoja.

Jana mzee wa Elburgon alimtafuta mkewe, Esther Wairimu. Hakupatikana. Nikamuuliza, "Mzee, majirani wanamwitaje?"

"Mama Peter."

Nikaandika hivyo. Yuko kanisani Lanet! Mzee aliishika kompyuta kwa mikono miwili, akakataa kuiachilia.

Usisahau dawa ya presha. Najua nawe ungejiandikisha Mama Mueni. Siku nikikutafuta, nitaandika tu jina langu.

Mueni wako